Zamu ya Bi Mpokezi

Siku ya kufungua jengo jipya, Mwenyekiti wetu atasoma historia ya chama, na atakachosema ninakijua tangu leo. Atasema chama kilianzishwa kwa lengo la kuboresha huduma za afya na makazi ya wazee vijijini. Watu watapiga makofi, nami nitapiga, maana ni mwenyekiti mzuri na koti lake jipya linampendeza. Ila mimi ni dobi wa hapa, na dobi huzijua nguo kabla hazijapigwa pasi. Ukweli ni kwamba chama kilianza kwa sababu ya mlango.

Mlango wenyewe ulikuwa wa nyumba moja kule juu kilimani. Mwanamke alikuwa na uchungu, mtoto amekaa vibaya, na hospitali iko ng'ambo ya mto. Wanaume wakaja na kitanda cha kamba wambebe. Kitanda kiliingia kwa kulazwa ubavu. Kutoka na mtu juu yake kikakataa. Ikabidi wamshushe, wakitoe kitanda, wamtoe yeye mikononi, kisha wamlaze upya uani, huku analia. Alifika mtoni lakini hakuvuka. Mkunga aliyetembea kando ya kitanda kile akiwa ameushika mkono wake alikuwa mama mkwe wangu.

Sisemi mlango ndio uliomuua. Mama naye hakusema hivyo. Baada ya mazishi alisimama mbele ya watu, na kwa sauti ileile anayoombea chumvi akasema, "Tujenge yetu. Na milango iwe mipana."

Hapo chama kikaanza, wakajenga zahanati. Hakuna aliyewaletea kitu, ukiacha mabati na dawa za mwanzo. Kila nyumba ilifyatua matofali kwa udongo wake na kuyachoma, ndiyo maana ukuta wa zahanati yetu una mabaka mpaka leo. Wageni hudhani rangi imebanduka. Sisi tunausoma ule ukuta: haya mekundu ni ya watu wa bondeni, hayo ya kijivu ni ya watu wa kilimani, walioyatoa tanuruni kabla hayajaiva kwa sababu kilimani hawana subira hata ya uji kupoa. Fundi Seremala alikichukua kitanda kilekile cha kamba, akakipima, akaongeza kiwiko kimoja kila upande, na huo ndio ukawa upana wa milango yetu. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Mama walimwita Bi Mpokezi, kwa kuwa nusu ya watu wa hapa waliingia duniani kupitia mikono yake. Mwenyekiti mwenyewe alimpokea akitanguliza miguu, na Mama husema tangu siku ile hajaacha kuanza mambo kinyumenyume. Mimi hakunipokea, nilikuja hapa kuolewa. Lakini watoto wangu aliwapokea yeye, na nakumbuka desturi yake moja ambayo hakuna daktari aliyewahi kunifanyia. Kabla hajakugusa alisema, "Nakushika." Hata uwe unapiga kelele kama umeungua, atasubiri ukusanye pumzi, aseme "Nakushika," ndipo mkono uje. Na mkono ukija haukushtui, maana umekwisha bisha hodi.

Zahanati iliposimama, ikaja shida nyingine. Vijana walikwenda mjini wakabaki huko, na wazee wakabaki na nyumba kubwa na sauti ndogo. Kulikuwa na mwalimu mstaafu, mtu msafi, mkali wa sarufi, aliyeishi peke yake. Muuza maziwa alikuta kopo la jana bado liko mlangoni limejaa. Walipovunja mlango walimkuta sakafuni karibu na jiko, amekufa, na alama za kucha ziko kwenye vumbi kuelekea mlangoni. Alikuwa amejaribu. Hilo jambo lilitutia aibu kijiji kizima, kwa sababu alikuwa ametufundisha karibu sote kusoma.

Chama kikaamua kujenga vyumba nyuma ya zahanati, vyenye baraza moja ndefu, ili kila mzee akiamka aonwe. Vikajengwa vizuri, milango mipana. Hapo ndipo Mwenyekiti alipoagiza kibao. Alikuwa amesoma mahali fulani maneno ya kiserikali yakamkaa kichwani, akaandikisha kwa herufi nyekundu: MAKAO YA WAZEE WASIOJIWEZA.

Basi hakuja mtu. Mwaka ukapita, masika na kiangazi, vyumba vitupu, vimepakwa chokaa, vinanukia upya. Ungemwuliza mzee anayetembelea magongo mawili, angekuambia, "Mahali pazuri sana pale. Mpelekeni fulani, yeye ndiye hajiwezi." Ukienda kwa huyo fulani, unamkuta amelala chali, anakutajia mwingine. Kuku wakahamia. Kuku mmoja alitotoa vifaranga katika chumba cha kwanza, na watu wakasema angalau mpangaji amepatikana.

Mwenyekiti alitaka uitishwe mkutano wa kuwaelimisha wazee. Mama akamwambia, "Wewe mtoto, waelimishe kuku wako." Akafunga safari mpaka kwa Fundi Seremala, ambaye magoti yalikuwa yamekwisha na mke amekwisha kufariki. Hakutaja mzee wala makao. Alimwambia, "Fundi, milango ya kule nyuma imevimba kwa unyevu. Tunahitaji mtu wa kushika zamu."

"Zamu ya muda gani?"

"Mpaka milango itulie."

Fundi akaja na sanduku lake la randa na patasi, na godoro, kwa sababu mtu wa zamu halali mbali na kazi. Milango haikutulia, milango ya mbao ikitulia si mbao tena. Akabaki. Baada yake akaitwa mama mmoja aliyekuwa akiuza maandazi, aje ashike zamu ya kukaa na wajawazito wanaosubiri siku zao, kwani nao walikuwa na chumba chao palepale na walikuwa wakilia usiku kwa woga. Akaja karani mstaafu kushika zamu ya redio, asikilize taarifa ya habari halafu awasimulie wagonjwa, akiwa ameondoa mabaya. Kibao kikashushwa, Fundi akakigeuza na kukifanya meza. Jikoni kukatundikwa ubao mweusi, kila mtu na zamu yake kwa chaki.

Tangu hapo, hapa kwetu hakuna anayeishi katika makao ya wazee. Watu wako zamu. Mtoto ukimwuliza babu yake yuko wapi, atakuambia yuko zamu. Dereva wa basi husimama barabarani akaita, "Zamu! Washukao Zamu!" Na mmoja wao akifariki, tunasema amemaliza zamu yake, na Fundi humtengenezea jeneza kwa mbao alizozitunza kwa ajili hiyo. Nimeshasikia wageni waliotumwa kutoka mbali kuja kujifunza mpango wetu wakiuliza siri ni nini. Siri ni kwamba mama mkwe wangu aliwadanganya watu wazima mchana kweupe, nao wakakubali kudanganywa kwa sababu lilikuwa danganyo lenye heshima ndani yake.

Sasa tatizo langu. Kinyozi hajinyoi.

Mama alikuwa akiishi na mimi. Mume wangu ni dereva wa malori, nyumbani huonekana kama mwezi mwandamo, na mimi hushinda zahanati nikifua mashuka. Macho ya Mama yalianza kuondoka kwa presha ya macho, ugonjwa usiorudisha kinachochukuliwa, na mikono ikaanza kutetemeka. Aliungua kwa sufuria. Alianguka njiani kwenda kisimani, akaficha. Nikamwomba akae zamu, akacheka mpaka akakohoa.

"Zamu ya nini, mwanangu?"

"Ya kuchambua mchele, Mama."

"Kwa macho yapi? Mtawalisha watu mawe."

Nikaleta zamu ya hadithi. Akasema hadithi zake haziwafai wajawazito, wangezaa kabla ya wakati. Nikaleta zamu ya kupokea wageni. Akanishika sikio kama mtoto, akasema, "Mtego huu niliusuka mimi. Unadhani nitaukanyaga?"

Kisha ikaja ile siku. Nilirudi kutoka kazini nikakuta mlango wa jikoni umekomewa kwa ndani. Nikaita, kimya. Nikaita tena, nikasikia kitu kama kukwaruza. Nilimwona mwalimu mstaafu mbele ya macho yangu na zile alama za kucha. Niliuvunja mlango kwa mchi. Mama alikuwa sakafuni, maji yamemwagika, nguo zimelowa kwa maji na kwa yasiyo maji, na amekaa hivyo tangu mchana. Nikamkimbilia.

"Usinishike!" alisema.

"Mama, umelowa."

"Nimesema usinishike. Nipe kitambaa, utoke."

Nikampa, nikatoka. Nilisimama uani nikimsikiliza akihangaika kujifuta gizani mwake, mwanamke aliyewashika wote hawa, hataki kushikwa na mtu. Nililia kwa hasira zaidi kuliko huruma. Alipotoka akiwa amejifunga kanga kinyume, alikaa kando yangu akasema bila kuulizwa, "Sijawahi kuoshwa na mtu tangu mama yangu afe. Na wewe ni mke wa mwanangu. Heri nife na adabu yangu."

"Na mimi nitakayekukuta?" nilimwambia. "Adabu yangu mimi iko wapi?"

Siku kadhaa tuliishi tukisalimiana kwa upole kama watu wa msibani. Nilikuwa nikiondoka asubuhi nageuka nyuma kuitazama nyumba, sijui jioni nitaikuta na mtu au na maiti.

Nilichomweleza baadaye hakikuwa mtego. Naapa. Yalikuwa malalamiko ya kazi tu, kama dobi yeyote anavyolalamika akivua viatu. Nilimwambia, "Mama, taulo la Fundi linarudi kavu."

"Kavu vipi?"

"Linaletwa kufuliwa halina unyevu wala harufu ya sabuni. Maana yake haogi. Na si yeye peke yake, mataulo ya upande wote wa kulia wa baraza ni makavu."

Nilikuwa nimeulizia. Chuo cha uuguzi kilituletea wanafunzi wajifunze kwetu, na zamu ya kuogesha walipewa wao. Mmoja tulimpa jina la Haraka. Binti mzuri, hana kiburi, mchapakazi, lakini aliwaogesha wazee kama anayeshindana na mvua. Fundi aliniambia kwa kunong'ona, "Ananiosha kama sufuria. Anaanza na uso, maji yananiingia puani, huku anaongea na mwenzake juu ya kichwa changu habari za viatu." Kwa nini hukumwambia, Fundi? "Mtoto wa watu anajitahidi. Nitamwambiaje?" Ndivyo walivyo wazee wetu, hata ukiwaunguza watasema asante. Wakaona njia ya adabu ni kutooga, wakawa wanalowesha nywele kidogo waonekane wameoga na kurudi vyumbani.

Mama aliegemeza kichwa ukutani. Nilidhani amesinzia.

"Kesho nipeleke," akasema.

Nikampeleka nikimwongoza kwa mkono. Wanafunzi walikusanywa barazani, na Mwenyekiti akamtambulisha kwa maneno mengi mpaka Mama akamgusa kwa fimbo akae. Akawaeleza. Sema kabla ya kushika. Anza na mkono wa mtu, mkono umezoea kushikwa. Uso njoo nao mwisho, na umpe kitambaa ajifute mwenyewe kama anaweza. Ukimaliza kuosha mahali, pafunike. Wasichana na wavulana wale wakaitikia, "Ndiyo, Bibi," wakaandika. Haraka aliandika kuliko wote.

"Mmeelewa?" Mama akauliza.

"Ndiyo, Bibi."

"Hamjaelewa. Mmesikia." Akageuza kichwa upande wa Haraka, aliyekuwa amewahi kuitikia kabla ya wenzake. "Wewe. Njoo bafuni."

Bafu letu ni chumba kipana chenye mlango mpana, kigoda cha mbao alichochonga Fundi, na dirisha la juu linaloingiza jua sakafuni. Niliingia nao nikiwa na taulo, kwa kuwa taulo ni kazi yangu. Nilidhani Mama ataomba aletwe mzee mmoja amwonyeshee binti. Badala yake alikaa kigodani akaanza kufungua kanga yake mwenyewe. Vidole vilikuwa vinatetemeka na fundo halikufunguka, nami sikuthubutu kusogea.

"Bibi, unafanya nini?" Haraka akauliza.

"Mikono haifundishwi kwa mdomo. Nioshe mimi. Ukikosea nitakwambia, mimi si Fundi, mimi nina mdomo."

Binti alinitazama. Nikatazama ukuta.

Akachota maji. "Baridi," Mama akasema kabla hayajamgusa, kwa kusikia tu mlio wake ndani ya ndoo. Yakaongezwa moto. Binti akanyoosha mkono kwenye uso, kitambaa kikidondosha matone. "Wapi?" Binti akaurudisha. "Nakushika, Bibi," akasema, akauchukua mkono. "Polepole. Huo mkono una miaka. Haya. Bega. Sasa pafunike, mwenye bega anasikia baridi ukiwa umehamia kwingine. Unafikiria nini?"

"Sifikirii kitu, Bibi."

"Unafikiria kumaliza. Nakusikia vidoleni. Rudia."

Binti akarudia. Akaosha mgongo, ule mgongo ulioinama juu ya vitanda vya wanawake wa kijiji kizima, na mara hii alikwenda kwa utaratibu, akipita na kitambaa kila pingili. Mama alikuwa akisahihisha: juu kidogo, usisugue, hapo. Kisha akaacha kusahihisha. Kukawa na sauti ya maji tu. Nilidhani amekasirika, nikageuka kutoka ukutani.

Machozi yalikuwa yanashuka kwenye yale macho yasiyoona, na midomo imetulia. Haraka alisimamisha kitambaa, ameogopa. "Nimekosea, Bibi?"

"Hapana," Mama akasema. "Endelea, mwanangu. Hujakosea."

Nilitoka bafuni nikaenda kukaa nyuma ya kamba za mashuka, ambako hakuna anayeniona, nikalia mpaka basi.

Mchana ule hakutaka kurudi nyumbani. Aliuliza chumba gani kiko wazi na jua linaingilia upande upi. Wazee walikuwa wanakula jikoni, na Mwenyekiti, aliyefurahi kama amepewa ng'ombe, alishika chaki mbele ya ubao.

"Bi Mpokezi tumwandikie zamu gani? Mshauri mkuu? Mlezi wa chama?"

"Andika kuoshwa," Mama akasema.

"Kuoshwa?"

"Kila mwaka chuo kitaleta watoto wapya, na kila mmoja atakuja na mikono ya haraka. Watajifunzia kwa nani? Kwa Fundi, anayesema asante? Maisha yangu yote nimeshika mimi. Sasa ni zamu yangu kushikwa. Andika."

Mwenyekiti akaandika. Fundi: milango. Karani: redio. Bi Mpokezi: kuoshwa. Hakuna aliyecheka. Fundi aliutazama ubao kwa muda, akasukuma sahani yake, akasema, "Basi hata mimi nina nafasi kidogo asubuhi, baada ya milango." Wiki iliyofuata mataulo ya upande wa kulia wa baraza yalinijia yamelowa chapachapa, na sijawahi kufurahia kazi nzito kama ile.

Wanafunzi wengi wamepitia mgongo ule. Haraka amehitimu akaomba kurudi kwetu, na jina limemganda ingawa halimfai tena. Jengo jipya Mwenyekiti atakalolifungua ni la mafunzo. Atataja wafadhili na wageni wa heshima, na inawezekana atamtaja Mama, inawezekana atasahau. Wala haidhuru.

Maana juzi kulikuwa na mvua kubwa, wanafunzi wakakwama ng'ambo, na Haraka alikuwa akimzalisha mwanamke. Niliingia chumbani kwa Mama na mashuka safi nikamkuta ameketi kitandani, anasubiri, taulo liko magotini.

"Leo hakuna mtu, Mama," nikamwambia. "Labda kesho."

"Na wewe ni nani?"

"Mimi ni mke wa mwanao."

"Najua wewe ni nani. Nimekuuliza kama na wewe si mtu." Akaninyooshea mkono, umekonda, unatetemeka, umeelekea pembeni kidogo ya mahali niliposimama. "Maji yasiwe baridi. Na unajua neno la kwanza."

Niliweka mashuka chini. Nilikuwa nimeishi na mwanamke huyu ujana wangu wote, akawapokea wanangu, na mkono wangu haukuwahi kugusa zaidi ya kiganja chake.

"Nakushika, Mama," nikasema.

"Nishike."